Kinachomfanya mnyama abaki macho

Katika miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, walianza kukusanya mbwa wenye maradhi ya ajabu. Walikuwepo Doberman na Labrador waliokula vizuri na kukimbia vizuri, ila wakifurahi walianguka. Kipimo chao kilikuwa chepesi: vipande vya chakula vinapangwa mstari sakafuni, mbwa anafunguliwa, kisha zinahesabiwa mara anazoanguka. Anakula kipande cha kwanza, miguu ya nyuma inalegea. Anajikongoja hadi cha pili, mara shingo inashuka na mwili wote unalala chini, macho yakiwa wazi. Punde anainuka na kuendelea pale alipoachia.

Ugonjwa huo ni nakolepsi, na binadamu wanao pia. Mgonjwa hushikwa na usingizi mchana hata kama alilala usiku kucha, na akicheka sana magoti yanamlegea. Sababu ya mbwa wale kuanguka ilijulikana mwaka 1999, pale timu ya Emmanuel Mignot wa Stanford ilipoonyesha kwamba wamerithi kasoro kwenye jeni linalotengeneza kipokezi, yaani sehemu ya seli inayoipokea, cha kemikali ya ubongo iitwayo oreksini. Kemikali yenyewe ilikuwa imetangazwa mwaka mmoja tu kabla, na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake. Kundi la Masashi Yanagisawa liliamini limepata kemikali ya hamu ya kula. Walipozalisha panya wasio na oreksini na kuwarekodi usiku, ambao kwa panya ndio wakati wa shughuli, wakawaona wanadondoka katikati ya pilikapilika.

Nimeanza na mbwa hawa kwa sababu wengi wetu tunadhani kuwa macho ndiyo hali ya kawaida ya ubongo, na usingizi ni uchovu unaokuja kuuzima. Sivyo. Kuwa macho ni kazi, inafanywa saa kwa saa na kemikali kadhaa, na zikikoma mnyama analala papo hapo. Seli zinazotengeneza oreksini ziko sehemu moja ndogo chini ya ubongo, kwenye haipothalamasi. Kwa binadamu hazifiki laki moja, katika ubongo wenye seli za neva zipatazo bilioni 86.

Oreksini haifanyi kazi peke yake. Huchochea vituo vingine vya ubongo vinavyomwaga kemikali nyingine: noradrenalini, histamini, serotonini, dopamini na asetilikolini, na kila moja ina zamu yake. Mbwa wa nakolepsi wamelionyesha hili vizuri kuliko mnyama mwingine yeyote ninayemfahamu. Watafiti waliosikiliza seli moja moja za ubongo wao wakati wa kuanguka walikuta seli za noradrenalini zimenyamaza, ilhali za histamini zinaendelea kama kawaida. Ndiyo maana mbwa yuko chini, misuli imelegea, lakini ana fahamu zake na anakuona. Noradrenalini husaidia kuukaza mwili, histamini huiweka akili macho.

Aliyewahi kumeza Piriton kwa ajili ya mafua au mwasho anaijua histamini hata kama hajawahi kuisikia. Dawa hiyo imekusudiwa kuzuia histamini ya mwilini, lakini hupenya hadi kwenye ubongo na kuizuia huko nako. Usingizi unaofuata si ishara kwamba dawa inatibu. Na dereva wa basi la usiku hana sababu ya kuimeza.

Upande wa pili zipo seli zinazolaza. Daktari Constantin von Economo wa Vienna alilitambua hilo wakati wa mlipuko wa homa ya ubongo ulioanza takriban mwaka 1916. Wagonjwa walioharibika nyuma ya haipothalamasi walilala mfululizo. Walioharibika mbele yake walikosa usingizi. Leo tunajua kwamba huko mbele kuna seli zinazomwaga gaba, kemikali inayozima vituo vyote vya kuamsha. Vituo hivyo navyo huzizima seli hizo. Ni bembea ya ubao: mmoja akipanda mwenzake lazima ashuke, wala hawakai katikati kwa muda mrefu. Oreksini huushikilia upande wa kuamka usiyumbe. Ikikosekana, ubao unapinduka ovyo mara nyingi kwa siku.

Kemikali nyingine, adenosini, ndiyo inayotuchosha taratibu. Hujikusanya kadiri ubongo unavyotumia nishati, na usingizi huipunguza. Kafeini hukalia vipokezi vyake bila kuvichochea, kwa hiyo uchovu upo ila hausikiki. Huchukua saa tano hivi, kwa wengine zaidi, kafeini mwilini kupungua hadi nusu. Kahawa ya saa kumi na mbili jioni bado inafanya kazi saa tano usiku. Melatonini, ambayo siku hizi inauzwa kama dawa ya usingizi, kazi yake hasa ni kuuarifu mwili kwamba giza limeingia. Panya nao huitoa usiku, na ndiyo kwanza wanaanza kuhangaika.

Kuna wanyama wanaougawa ubongo wenyewe. Sili wa manyoya wa bahari za kaskazini, akiwa majini, hulaza nusu moja ya ubongo huku nyingine ikikesha, na asetilikolini huwa nyingi kwenye nusu iliyo macho na chache kwenye iliyolala. Serotonini na noradrenalini hubaki sawa pande zote mbili.

Kwetu Afrika Mashariki tuna mfano mchungu zaidi: malale. Vimelea vinavyoenezwa na mbung'o vikishaingia kwenye ubongo, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku. Wengi hudhani analala kupita kiasi, kumbe jumla ya saa zake za kulala huenda haijazidi sana. Kilichovurugika ni mpangilio. Vipimo vya umeme wa ubongo vimeonyesha kwamba hutumbukia moja kwa moja kwenye usingizi wa ndoto, kama afanyavyo mgonjwa wa nakolepsi. Ndugu akianza kusinzia mchana katika eneo lenye mbung'o, hasa baada ya homa za mara kwa mara na maumivu ya kichwa, apelekwe kupimwa. Hatua hii ya ugonjwa isipotibiwa huua.

Ujuzi uliotokana na mbwa wale umeshazaa dawa. Tangu 2014 Marekani imeruhusu dawa ya kukosa usingizi inayofunga vipokezi vya oreksini, na zile zinazovichochea, kwa ajili ya wenye nakolepsi, zimefika kwenye majaribio kwa binadamu. Wagonjwa wengi wanaoanguka wakicheka wamepoteza seli zinazotengeneza kemikali hiyo huku vipokezi vyao vikiwa vizima, hivyo dawa ya namna hiyo ina pa kushika. Doberman wa Stanford isingewasaidia. Wao oreksini walikuwa nayo. Kilichoharibika kilikuwa kipokezi.