Injini mpya kwenye gari jepesi la kujiundia: anza na kilo na oili

Mtu akija na mpango wa kubadilisha injini ya gari lake dogo la michezo, huanza na farasi, yaani kipimo cha nguvu ya injini. Atapata 200? Atapata 250? Mimi humuuliza maswali mawili kwanza. Hiyo injini ina kilo ngapi? Na kwenye kona ndefu, oili yake itakuwa imekimbilia wapi? Gari la kilo 550 lina mahitaji yake, na injini nyingi tunazoziweka humo zilibuniwa kwa kazi nyingine kabisa.

Hesabu ya farasi yenyewe ni fupi. Chukua gari la kilo 550 na dereva wa kilo 80: jumla 630. Lipe farasi 150 na unapata farasi 238 kwa tani. Gari la familia la kilo 1,400 na dereva huyohuyo itahitaji karibu farasi 350 ili ifikie uwiano huo. Kwa hiyo injini ambayo kwenye gari la familia haimshtui mtu, hapa ni kali. Kwa barabara ya kawaida naona farasi 140 hadi 180 zinatosha sana, maana ukivuka hapo tairi za nyuma ndizo zinazokuwekea kikomo kwenye gia mbili za mwanzo.

Usitarajie pia kasi ya juu ipande kwa kiwango kilekile. Magari ya umbo hili, yenye tairi za mbele zilizo nje ya bodi na kioo kilichosimama wima, hukamatwa sana na upepo. Nguvu ya kushinda upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi, hivyo ukizidisha nguvu ya injini mara mbili, kasi ya juu inaongezeka kwa takriban asilimia 26 tu, na hapo ni kama gia zinaruhusu. Unachopata ni kuchomoka: kutoka kwenye kona, na kupita gari lililo mbele bila kusubiri.

Umbo hili lilianza na Lotus Seven ya Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, mwaka 1957, na kampuni ya Caterham wakachukua haki ya kulitengeneza mwaka 1973. Kwa miaka mingi injini iliyozoeleka humo ilikuwa Ford Kent, iliyozaliwa mwaka 1959 kwenye Ford Anglia ikiwa na cc 997 na kukua hadi cc 1,599. Bloku ya chuma, kemshafti (shafti inayofungua valvu) iliyo chini ikisukuma valvu kwa fimbo, kabureta pembeni. Naipenda injini hii. Ni fupi, inakaa vizuri chini ya boneti, na ilibuniwa tangu mwanzo ilale kwa urefu wa gari. Lakini katika hali ya kiwandani cc 1,600 zake zilitoa farasi 80 na kitu, na kuifikisha 150 kunahitaji kemshafti kali na kazi kubwa ya silinda hedi (kifuniko cha juu ya silinda chenye valvu), hadi injini inakuwa haina raha chini ya mizunguko 3,500 kwa dakika. Injini ya kisasa ya valvu 16 inatoa nguvu hiyo karibu bila kuguswa, na kwenye foleni inaunguruma taratibu kama kawaida.

Uchaguzi sasa ni mpana. Ford Zetec ya lita 2.0 ni ngumu na inavumilia mengi, ila bloku yake ni ya chuma na uzito wote huo unakaa mbele. Duratec iliyoifuata ina bloku ya alumini na inatumia cheni badala ya mkanda. Tofauti ya uzito kati ya hizo mbili unaihisi kwenye usukani kabla hata hujakanyaga mafuta. Toyota 4A-GE ya cc 1,587 ina pistoni zinazosafiri milimita 77 tu, ndiyo maana inapenda kuzunguka. Honda K20A, milimita 86 kwa 86, ni ya nguvu sana na ni ndefu kwenda juu, kwa hiyo boneti lazima litobolewe au lipandishwe. Wengine huweka injini ya pikipiki kama Suzuki Hayabusa: nyepesi ajabu, na giaboksi yake iko humohumo. Haina gia ya kurudi nyuma, klachi yake ilitengenezwa kuondoa pikipiki na siyo gari, na kwenye mlima wenye foleni utaijutia. Kwa uwanja wa mashindano naikubali kwa moyo wote. Kwa gari la kwenda nalo safari, hapana.

Farasi zikilingana, bado injini hazijalingana. Nguvu kwa kilowati ni torki (nguvu ya kuzungusha) kwa Nm mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549. Injini ya Nm 190 kwenye mizunguko 5,500 na injini ya Nm 150 kwenye mizunguko 7,000 zote zinatoa kama kilowati 110. Giaboksi na difu haviulizi kilowati. Vinaumizwa na torki. Kama unabaki na giaboksi nyepesi ya zamani, injini inayozunguka sana na kuvuta kidogo inaihurumia zaidi kuliko injini ya turbo inayotoa torki nyingi ghafla kuanzia chini.

Injini ya namna hiyo, hata hivyo, inadai gia zilizokaribiana. Giaboksi ya Ford Type 9, ambayo magari mengi ya kujiundia yanaitumia, ina uwiano wa 3.65 kwenye gia ya kwanza na 1.97 kwenye ya pili. Badilisha gia ukiwa mizunguko 7,000 na utaangukia kama 3,800. Injini yenye kemshafti kali hapo imelala. Na kwenye gari jepesi hiyo gia ya kwanza inaisha kabla hujamaliza kuvuka barabara. Seti ya gia ambayo gia yake ya kwanza ni ndefu zaidi ni badiliko ambalo wengi huliahirisha, kisha wanalifanya mwaka unaofuata huku wakishusha tena injini nzima. Fanya mara moja, giaboksi ikiwa mezani.

Ugumu mwingine unatokana na jinsi injini ilivyolala. Karibu zote za kisasa zilitoka kwenye magari yanayovutwa na tairi za mbele, zikiwa zimelala kwa upana. Ukiigeuza ilale kwa urefu, bomba la maji linalotoka nyuma ya silinda hedi linagonga ukuta wa moto, ule unaotenganisha injini na dereva. Dilko (kigawanya cheche), kama lipo, nalo liko hukohuko. Upande wa ekzosi unaweza kuangukia kwenye shafti ya usukani, na hilo lipime kabla hujanunua chochote, kwa kuweka bloku tupu na hedi tupu ndani ya chesisi na kupitisha mkono kila mahali.

Kuna kingine kinachosahaulika kwa sababu hakionekani: beringi ndogo iliyo katikati ya mwisho wa krenki, shafti kuu ya injini. Injini ya kuvuta mbele mara nyingi haina, kwa kuwa shafti ya giaboksi yake haikuihitaji. Giaboksi ya kulala kwa urefu inaihitaji, la sivyo ncha ya shafti inaelea na klachi haiachii vizuri. Na adapta inayounganisha injini na giaboksi isiaminiwe kwa macho. Mimi hufunga geji ya mshale kwenye flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki), ncha yake ikigusa ukingo wa ndani wa tundu la kengele ya klachi, yaani ganda linalofunika klachi, nazungusha krenki kwa mkono mzunguko mzima na kuangalia mshale unavyokwenda na kurudi. Nusu ya mwendo wote wa mshale ndiyo tofauti ya vitovu. Mwendo wote ukizidi milimita 0.2 sifungi giaboksi. Narekebisha pini za kuelekezea kwanza. Ukipuuza hapo, beringi ya mbele ya giaboksi itaanza kulia na utailaumu bure.

Sasa oili, maana hapa ndipo injini nzuri zinapokufa.

Gari jepesi lenye tairi nzuri linaweza kukata kona kwa g 1, yaani nguvu ya kando inayolingana na uzito wenyewe. Kwenye g 1 uso wa oili ndani ya sampu, lile karai la oili chini ya injini, unainama digrii 45. Siyo mtikisiko wa kupita: kona ikiwa ndefu, oili inabaki imepanda ukuta wa kando muda wote wa kona. Sampu ya kiwandani ilipangiwa injini iliyolala kwa upana, ambako nguvu ya kona ilisukuma oili kwa urefu wa krenki. Ukishaigeuza injini, kona inasukuma oili kukatiza krenki na breki inaipeleka mbele. Vizuizi vilivyomo ndani sasa vinatazama upande usio wao.

Halafu sampu hiyo ni ndefu mno kwenda chini. Injini huwezi kuipandisha kwa sababu ya boneti, kwa hiyo sampu inakatwa, na ukiikata umepunguza oili palepale ambapo ilihitajika zaidi. Ndiyo maana sampu iliyotengenezwa vizuri kwa magari haya ni fupi na pana: inarudisha pembeni ujazo ulioondolewa chini, na kuzunguka mdomo wa kunyonya kuna chumba chenye vimilango vinavyofunguka kuelekea ndani tu. Oili inaingia, haitoki.

Mdomo ukinyonya hewa kwa nusu sekunde kwenye mizunguko 7,000, krenki imezunguka mara 58 bila kinga ya kutosha. Taa ya oili haitakuokoa. Swichi yake huwaka presha ikishuka hadi kama bar 0.5, wakati kanuni ya mafundi ni bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, yaani karibu bar 5 kwenye 7,000. Taa inaamka presha ikiwa imebaki sehemu ya kumi. Weka geji halisi, na kama unaingia uwanjani, weka kirekodi kinachohifadhi presha pamoja na nguvu ya kona, kisha tazama mistari hiyo miwili ikiwa imepandana. Presha ikianguka kila kona ya kushoto na kubaki vizuri kulia, umeshajua pa kushughulikia.

Fungua konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) za injini iliyopitia hayo na maganda ya beringi yanakueleza kila kitu. Ganda zima ni la kijivu kilichofifia, rangi moja kote. Lililokosa oili lina mistari inayong'aa kufuata mzunguko, na kwenye yale ya tabaka tatu, katikati unaanza kuona shaba ikichungulia. Ukipitisha ukucha na ukakwama, krenki nayo inakwenda kusagwa.

Msimamo wangu: kwa gari la barabarani, sampu fupi yenye vimilango inatosha. Kwa tairi laini za mashindano, weka mfumo wa sampu kavu, wenye pampu za kufyonza na tanki la pembeni, na sitajadiliana. Faida yake ya ziada ni kwamba sampu inakuwa nyembamba kiasi kwamba injini yote inaweza kushushwa, na kitovu cha uzito kinashuka nayo.

Mengine nayapita haraka kwa kuwa yanajulikana zaidi. Ukitoka kabureta kwenda sindano za mafuta, unahitaji pampu ya bar 3, njia ya kurudisha petroli, na kikopo kidogo cha akiba ili kona isinyime sindano petroli kama inavyonyima krenki oili. Rejeta iwe kubwa kuliko unavyodhani, na tanki la maji likae juu ya kiwango cha silinda hedi, jambo gumu chini ya boneti fupi. Hewa iliyonaswa kwenye hedi hupindisha hedi. Kilo zikibadilika mbele, springi na mgawanyo wa breki vipimwe upya.

Kuhusu kikomo cha mizunguko, kuwa mkali. Nguvu inayovuta konrodi pale pistoni inapogeuka juu hupanda kwa mraba wa mizunguko. Kutoka 6,500 hadi 7,500 umeongeza asilimia 33 ya mvuto kwenye boliti zilezile. Weka boliti mpya za konrodi kabla ya kugusa namba hiyo kwenye kompyuta.

Siku ya kuwasha, plagi zitoke kwanza. Zungusha kwa stata hadi geji ya oili ipande, ndipo uzirudishe na kuwasha. Baada ya moto wa kwanza mwaga oili, kata chujio kwa kikata bati, kunjua karatasi yake juani na upitishe sumaku. Vumbi la chuma litashika. Vipande vya beringi havishiki, hivyo vitafute kwa jicho. Karatasi ikiwa safi, gari liende kwenye mashine ya kupimia nguvu, na usilibebeshe mzigo kabla oili haijafika nyuzi 80. Mchanganyiko wa hewa na petroli, pedali ikiwa imekanyagwa yote, naupanga lambda 0.86 hadi 0.88 (chini ya 1 maana yake petroli imezidi) kwa injini isiyo na turbo. Muda wa cheche naanza nao ukiwa umechelewa, kisha nausogeza mbele digrii moja moja nikitazama torki. Inapoacha kupanda, narudi nyuma: nikipata torki ileile kwa digrii mbili pungufu, naziacha pungufu.