Si kweli kwamba asiyekula nyama lazima akose protini

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dodoma: eti anayeacha nyama, maziwa na mayai kwa kuwahurumia wanyama atakosa protini na kudhoofika. Si kweli. Gramu 100 za karanga zina takriban gramu 25 za protini. Soma pakiti uhakikishe. Kunde, choroko, mlenda wa karanga na ugali wa uwele, vikiliwa vya kutosha, vinampa mtu protini anayohitaji. Anayekula ugali mtupu kwa kukosa hela hudhoofika kweli, na hapo ndipo watu huchanganya, ila huyo hakuchagua. Kinachokosekana kwenye mimea ni vitamini B12, nayo hupatikana kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.