Je, wajua? Daftari la vita lisilo na jina linampataje mwenyewe?

Mwaka 1952 kule Auschwitz, Poland, ilipokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi wa Ujerumani, karibu na jengo moja la kuchomea maiti, lilifukuliwa daftari la Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, lililoandikwa kwa mkono na jina la mwandishi halimo. Kilichojulikana ni kwamba alikuwa Sonderkommando, yaani wale wafungwa wa Kiyahudi ambao Wanazi waliwalazimisha kutoa maiti kwenye vyumba vya gesi na kuzichoma, halafu na wao wanauawa ili siri isitoke. Ndo maana walikuwa wanaandika kisirisiri na kufukia ardhini.

Wengi wanadhani mtu kama huyo anatafutwa kwa mwandiko. Mwandiko unasaidia kweli, ila uwe na karatasi yake nyingine ya kulinganisha, na hapa Wayahudi wote wa mji wake walishabebwa kwenye treni, hiyo karatasi utaitoa wapi? Mimi naona kinachomtaja mtu zaidi ni yale mambo madogo anayoyaandika akiwa na haraka.

Huyu aliomba maandishi yake yote aliyoyafukia kwenye maboksi na mitungi yakusanywe, akasema ameyasaini kwa herufi nne, A.Y.R.A. Akaandika kwamba wamebaki wanaume 170, wanapelekwa kufa, leo ni 26 Novemba 1944. Basi.

Mwanahistoria Ber Mark wa Warsaw alihangaika na maandishi haya mpaka akafariki 1966, mkewe Esther akaendelea nayo. Manusura wa kambi walikuwa wanamkumbuka mwenzao mmoja, hakimu wa dini kutoka mji wa Maków Mazowiecki, Leib Langfus. Halafu 1970 likatokea daftari jingine, lilikuwa limeokotwa 1945 likakaa darini miaka yote hiyo, na linasimulia jinsi Wayahudi wa Maków walivyohamishwa. Sasa rudi kwenye zile herufi: Arye Yehuda Regel Arukha. Leib kwa Kiyidishi ni simba, Arye kwa Kiebrania ni simba. Langfus ni mguu mrefu, na Regel Arukha ni mguu mrefu hivyo hivyo. Kumbe jamaa alikuwa amesaini jina lake kamili, ila kalipeleka kwenye Kiebrania!

Kusoma nako ni kazi nyingine, maana unyevu unakula wino. Marcel Nadjari, Myahudi wa Thessaloniki ambaye naye alikuwa Sonderkommando, alifukia barua ya Kigiriki ndani ya themosi, ikaja kupatikana 1980 ikiwa inasomeka kama asilimia 10 tu. Miaka mingi baadae mtaalamu wa kompyuta wa Urusi, Aleksandr Nikityaev, akaziskani kurasa na kuchuja rangi moja moja, nyekundu, kijani, bluu, mpaka wino uliofifia ukajitenga na madoa, na sasa karibu yote inasomeka. Nadjari mwenyewe alitoka kambini akiwa hai, akafia New York 1971, miaka tisa kabla barua yake haijafukuliwa.