Sudan Kusini: nchi changa, watu wa kale

Bendera ya Sudan Kusini ilipandishwa Juba tarehe 9 Julai 2011, na tangu hapo wengi wetu huizungumzia nchi hiyo kana kwamba hata watu wake walianza siku ile. Ni majirani zetu, tuko nao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na wanastahili kujulikana vizuri zaidi. Hizi hapa dhana nne potofu ninazozisikia juu yao, na jibu langu kwa kila moja.

"Kabla ya 2011 hawakuwa na dola wala utawala"

Washilluk wa kando ya Nile Nyeupe wana mfalme, Reth, kwa karne kadhaa sasa, na nasaba yake huihesabu hadi kwa Nyikang, mwasisi wa ufalme. Reth mpya hapewi kiti hivi hivi. Sanamu ya Nyikang hutolewa kijiji cha Akurwa ikasafiri na jeshi lake hadi Fashoda, makao ya kifalme, na huko jeshi hilo hupigana vita vya kuigiza na watu wa mteule. Nyikang hushinda. Kisha sanamu huwekwa juu ya kigoda cha enzi, ikaondolewa, naye mteule akaketi papo hapo; kuanzia hapo huaminiwa kwamba roho ya Nyikang imo ndani yake. Shuleni jina la Fashoda tulilijua kwa ugomvi wa Uingereza na Ufaransa wa mwaka 1898. Reth hakutajwa.

Wazande nao walikuwa na mfalme Gbudwe, aliyeuawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1905. Kiti chake kilibaki wazi zaidi ya karne moja, hadi mzao wake alipotawazwa Yambio mwaka 2022.

"Wadinka na Wanuer ni maadui wa asili"

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu huwasafisha wenye makosa. Ni kweli jamii hizi zimeporana mifugo vizazi na vizazi. Ng'ombe kwao ndiye mahari, ndiye fidia, ndiye heshima ya mtu. Lakini wameoana pia, na walijua kuzima kisasi. Kwa Wanuer, aliyeua alikimbilia nyumbani kwa mzee wa ngozi ya chui, na akiwa pale hakuguswa, huku mzee akizunguka baina ya koo mbili mpaka zikubaliane idadi ya ng'ombe wa fidia.

Wanasiasa wenye bunduki ndio walioivuruga desturi hiyo. SPLA, jeshi la waasi wa kusini lililoongozwa na John Garang, lilipopasuka mwaka 1991, ugomvi wa makamanda uliishia kuwa mauaji ya raia wa Kidinka huko Bor. Hata baada ya hayo, mwaka 1999 machifu wa Kidinka na wa Kinuer walikutana Wunlit kwa wito wa makanisa. Walichinja fahali mweupe, wakaambiana hadharani waliyotendeana, wakakubaliana kuhusu malisho na watu waliotekwa. Vita vya Desemba 2013 vilizuka Juba, katika mvutano wa viongozi wa chama tawala. Havikuanzia kwa wachunga ng'ombe.

"John Garang alipigania kujitenga"

Garang, aliyewahi kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alihubiri Sudan Mpya: nchi moja yenye haki kwa wote. Waliotaka kujitenga walikuwapo kabla yake, wapiganaji wa Anyanya, waasi wa kusini katika vita vya kwanza vya Sudan. Alifariki katika ajali ya helikopta Julai 2005, miezi michache baada ya mkataba wa amani na serikali ya Sudan kutiwa saini Nairobi. Kura ya maoni ya Januari 2011, ambapo karibu asilimia 99 walichagua uhuru, hakuiona.

"Kuna makabila mawili tu"

Kwa kawaida huhesabiwa 64. Wabari ndio wenyeji wa eneo la Juba. Wakakwa, Wamadi na Waacholi wana ndugu zao Uganda, Waanyuak wana wao Ethiopia, na masimulizi ya Wajaluo wa Kenya yanataja Bahr el Ghazal kuwa walikotoka. Katiba ya mpito ya 2011 ilikifanya Kiingereza lugha rasmi, lakini inazitambua lugha zote za asili kuwa lugha za taifa, za kuheshimiwa na kuendelezwa.