Je, wajua kwa nini hita ya wati 4,500 inaweza kula umeme kidogo kuliko ya wati 1,500?

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo uulizie hita ya maji, utawekewa mbele aina mbili. Moja ni ndogo, ya kufungwa juu ya bomba la mvua, inapasha maji yanapopita: wati 4,500. Nyingine ni tangi la lita 50, wati 1,500. Wengi huondoka na tangi wakiamini wameiokoa LUKU. Kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam, mambo ni kinyume.

Wati ni kasi ya kula umeme. Uniti unazonunua ni kasi hiyo mara muda ambao kifaa kimewaka: wati 1,000 kwa saa nzima ndiyo uniti 1. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hita itawaka kwa muda gani kwa siku.

Hapo ndipo jiji letu lina bahati yake. Maji ya Ruvu yakishakaa kwenye tangi la juu ya paa, yanashuka bombani yakiwa na nyuzijoto kama 27. Maji mazuri ya kuoga ni nyuzi 40 hivi. Umebakiwa na nyuzi 13 za kupandisha, na kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni uniti 0.3 tu. Hita ya wati 4,500 inaimaliza kazi hiyo kwa dakika 4, unafunga bomba, nayo inazima. Mtu wa Njombe asubuhi ya Julai hawezi kutumia hesabu hii. Maji yake yanaanzia nyuzi za chini sana.

Sasa tangi. Linapandisha lita zote 50 hadi nyuzi 60 au zaidi, uoge usioge. Kisha joto linaanza kuvuja, kama chai inavyopoa ndani ya chupa hata ukiifunga vizuri. Kaa macho usiku mmoja nyumba ikiwa kimya: utasikia "tik" kutoka bafuni, taa nyekundu inawaka, na hakuna mtu anayeoga. Hita inarudisha joto lililopotea. Tangi la lita 50 hadi 80 linaweza kupoteza karibu uniti 1 kwa siku kwa namna hiyo, yaani 30 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la watumiaji wadogo wa TANESCO, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hizo ni mbili ya tano ya uniti zote, na hakuna aliyezioga.

Kama tangi tayari unalo, usilitupe. Liwashe nusu saa hivi kabla ya kuoga, uzime ukimaliza, na ushushe kipimo cha joto hadi nyuzi 60. Familia ya watu saba wanaooga kwa kufuatana itafaidi tangi kuliko mtu anayeishi peke yake. Na mwenye paa lake mwenyewe, mimi ningemshauri aanze na sola: jua linapasha maji kwenye mirija, maji ya moto yanakuwa mepesi na kupanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu yake, bila pampu wala uniti. Gharama ya kununua ndiyo inayouma.

Hita ndogo nayo ina sharti ambalo sitaki ulipuuze. Wati 4,500 huvuta takriban ampia 20. Soketi ya kawaida ya ampia 13 haiwezi, itayeyuka. Fundi avute waya wake peke yake kutoka kwenye breka yake, usiopungua milimita 4 za mraba, na waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, uwepo kweli; hapo ni umeme na maji na mwili wa mtu mahali pamoja.

Na kama nyumba yako inatumia kisima cha maji chumvi, sema hivyo dukani kabla ya kulipa. Chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na baadhi ya hita hizi ndogo zina koili (waya unaopasha maji) iliyo wazi ndani ya maji. Tafuta yenye koili iliyofunikwa. Ukinunua tangi, uliza kuhusu fimbo ya magnesiamu iliyomo ndani. Hiyo huliwa na kutu badala ya chuma cha tangi, na kwa maji ya chumvi huisha haraka, kwa hiyo fundi aifungue aiangalie kila mwaka.