Nani aliwaambia maji hujaa jioni?

Wikiendi ya Mapinduzi mwaka huu ilikuwa ndefu, Jumamosi tarehe 10 Januari hadi Jumatatu tarehe 12, na nyumba yangu hapa Bagamoyo ilijaa mpaka uani. Mama mkwe alitangulia Alhamisi na kuku wawili hai kwenye tenga. Ijumaa usiku wakaingia wa Dar: shemeji yangu, mumewe, na watoto wanne ambao mpaka leo sina hakika kama wote ni wao. Mimi nilikuwa na mpango mmoja tu, kulala mkekani barazani, kaskazi inapuliza, dafu karibu na mkono, na mtu asiniulize habari za bahari. Siku nyingine zote nalipwa kuulizwa. Mimi ni nahodha, napeleka wageni kwenye fungu la mchanga la Mwambakuni na kuwarudisha.

Jumamosi saa 2 asubuhi, chai haijapoa, mwanyumba, yaani huyo mume wa shemeji, akatangaza ratiba. Saa 4 watoto wakacheze mpira mchangani, maji yatakuwa yametoka. Mchana pilau. Saa 10 jioni kuogelea, maji yamejaa. Nikamwambia leo ni kinyume. Akacheka.

"Mwanyumba, mimi nakuja huku mwaka wa 6 huu. Asubuhi maji yanatoka, jioni yanajaa. Ndiyo bahari yenu ilivyo."

Binti yake mkubwa akachomoa simu amsaidie baba. Akasoma kwa sauti: kujaa, kumi na thelathini. "Si unaona baba mkubwa? Saa 10 na nusu!" Basi, kesi ikaisha, simu imeshatoa hukumu. Hakuna aliyekumbuka kwamba simu ikiandika 10:30 inasema saa 4 na nusu asubuhi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na dafu mdomoni, nikanyamaza.

Saa 4 wakaenda na mpira. Uwanja haukuwepo, umebaki ukanda mwembamba wa mchanga mkavu, na mpira ulienda majini mara ya kwanza tu ulipopigwa. Saa 10 jioni wakaenda na mataulo. Wakakuta maji ya magotini, rangi ya chai ya maziwa, na chini yake tope. Walirudi wamevaa soksi za tope, wote wanne. Mama mkwe akawapanga mstari uani akawamwagia ndoo mmoja mmoja kabla hajamruhusu yeyote kusogelea sinia.

Haya. Hili la kwamba asubuhi maji hutoka na jioni hujaa nimelisikia kwa wageni, kwa walimu wanaoleta ziara za shule, kwa kijana mmoja anayeuza miwani ya jua ufukweni kila siku ya Mungu, na sasa nimelisikia ndani ya nyumba yangu. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

Maji yanamfuata mwezi. Mwezi kila siku huchelewa kama dakika 50, na maji huchelewa nao. Yakijaa leo saa 10 jioni, kesho ni saa 11 kasoro dakika 10. Piga hesabu ya wiki: siku 7 mara dakika 50 ni dakika 350, karibu saa 6. Na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache. Ndani ya wiki moja tu, basi, bahari imegeuka: saa ileile uliyoogelea wiki jana, wiki hii unapita na ndala. Ndiyo maana jahazi pale mbele ya forodha ya zamani leo utaliona linaelea, na wiki ijayo saa hiyohiyo limepwelewa, limelalia ubavu, watu wanalizunguka kwa miguu.

Hayo kila mvuvi anayajua. Kilichoninyima usingizi wa mchana ni kwamba mwanyumba si mwongo. Aliyosema aliyaona kwa macho yake. Nikakaa barazani nikazihesabu safari zake.

Huja Idd ndogo, kila mwaka. Idd ndogo ni mwezi mosi, yaani siku ya 1 ya Mfunguo Mosi (Shawwal), mwezi ndio kwanza umeandama. Hayo ni maji ya bamvua, yanayojaa sana na kutoka sana, na hapa kwetu maji ya bamvua yana saa zake: yanajaa saa 10 kwenda 11, alfajiri na jioni, na yanakupwa saa 4 kwenda 5, asubuhi na usiku. Idd iangukie masika au kiangazi, saa ni hizo, kwa sababu Idd na bamvua ni watoto wa mwezi mmoja. Safari nyingine alikuja Nane Nane ya mwaka jana. Tarehe 8 Agosti 2025 ilikuwa Ijumaa, na mwezi ulitimia kesho yake. Mwezi mpevu nao ni bamvua, saa ni zilezile. Kwa hiyo mtu anayekuja pwani sikukuu kwa sikukuu anaweza kukaa miaka akiona bahari inayofungua na kufunga kama duka la ushirika. Hana kosa, ila amekula sikukuu zinazofanana. Pasaka ya mwaka jana, tarehe 20 Aprili, hakuja. Laiti angekuja! Mwezi ulikuwa umeshakatika nusu, angekuta maji yamejaa asubuhi na ubishi ungeisha siku hiyo.

Pasaka yenyewe haitabiriki kirahisi. Inapangwa kwa mwezi, lakini Jumapili inayofuata mwezi mpevu inaweza kuwa kesho yake au wiki nzima baadaye, hivyo mwaka mmoja inakutana na bamvua, mwaka mwingine na maji mafu, kinyume cha bamvua. Idd Kubwa ni mwezi kumi, yaani siku ya 10 tangu mwandamo, maji mafu ndiyo yanaamka, na kujaa huwa adhuhuri hivi. Sikukuu za serikali zinafuata kalenda ya ukutani. Hazijui mwezi uko wapi, na mwezi hauzijui.

Mapinduzi ya mwaka huu Rajabu ilikuwa imefika kwenye ishirini, mwezi nusu, maji mafu. Hapa pana ujinga mwingine. Mtu akisikia maji mafu anadhani bahari imelala, salama, twende. Maji mafu maana yake hayajai vizuri wala hayatoki vizuri. Bamvua hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, maji mafu kama mita 1 tu. Kwa hiyo jioni ile maji yalikupwa, lakini hayakwenda mbali kiasi cha kufunua ule mchanga mgumu wa mbele unaofaa mpira. Yalibaki palepale juu ya tope, na tope letu ni jingi, Mto Ruvu unamwaga hapo kaskazini yetu. Wanangu hawa wa Dar hawakupata pa kuchezea wala pa kuogelea. Siku ya bamvua, kwa ratiba ileile, wangevipata vyote viwili.

Bamvua ndilo lenye hatari, na hapa sicheki. Idd saa 4 asubuhi mchanga umefunguka mpaka mbali, watoto na nguo mpya wanakwenda kuokota chaza, kila mtu amefurahi. Maji yakianza kurudi, saa ya kwanza huoni kitu, ya pili kidogo. Saa ya tatu na ya nne ndiyo yanaingia kwa fujo, karibu nusu ya maji yote huingia katika saa hizo mbili. Tena hayaji na mstari mmoja kutoka mbele. Yanapita kwanza kwenye vijito, nyuma yako, wakati wewe bado umesimama pakavu ukipiga picha. Nimeshachukua watu kwenye kichuguu cha mchanga ambao walikuwa wananipungia mkono wakidhani nawasalimia.

Sasa niseme na yasiyonikalia sawa. Hiyo dakika 50 ni wastani. Siku za bamvua kuchelewa hupungua, siku za maji mafu huzidi hata saa nzima, kwa hiyo ukihesabu kwa vidole kutoka mwandamo hadi mwezi nane utakosea kidogo katikati. Bamvua lenyewe hukolea siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kutimia, si siku yake. Upepo nao una mkono wake. Mimi na jedwali la bandari tunapishana hata nusu saa, na sijawahi kuamua nani kati yetu ana haki.

Halafu kuna lile la darasani, kwamba mwezi unavuta maji yanafanya tuta chini yake. Vizuri. Mwezi ukiandama uko upande mmoja na jua, basi tuta lingepita hapa adhuhuri. Mbona maji yetu yanajaa saa 10? Nimeelezwa kwamba bara limeziba njia, na kina cha bahari kinachelewesha, na kila pwani ina saa yake. Naamini. Na tuta la pili, la upande wa mgongo wa dunia, linalofanya maji yajae mara mbili kwa siku, nimewaeleza wageni mara nyingi kwa dafu na chungwa. Wanaitikia kwa heshima. Mimi mwenyewe nikifika hapo naongea haraka haraka nipite.

Jumapili usiku, baada ya pilau la pili, nilimwekea mwanyumba haya yote mkekani, mbegu za maboga zikiwa miezi. Alisikiliza. Akauliza, "Sasa Idd ya mwaka huu?"

Idd inatarajiwa tarehe 20 au 21 Machi. Mwezi mosi, tena siku ambazo usiku na mchana hulingana, na bamvua la siku hizo huwa kati ya makubwa kabisa ya mwaka. Wiki 2 baadaye Ijumaa Kuu, tarehe 3 Aprili, na mwezi unatimia siku moja kabla. Zote mbili maji yatatoka asubuhi na kujaa jioni.

"Aa," akasema, akijinyoosha. "Kama nilivyokwambia."