Kujifunza kwa udadisi, na jani la mchu

Kujifunza kwa udadisi ni kufundisha sayansi kwa kuanzia kwenye swali, si kwenye jibu. Mtoto anaona jambo, anauliza, anakisia, anatafuta ushahidi, kisha anaeleza alichokipata na kwa nini anakiamini. Mwalimu yupo muda wote, akichochea na kuelekeza. Kazi yake ngumu kuliko zote ni kulizuia jibu lisimtoke mapema.

Mazingira yanaifaa mbinu hii kuliko kabati la maabara, kwa sababu ushahidi uko mlangoni na mtoto anaweza kuurudia mwenyewe.

Chukua shule ya pwani. Maji yametoka, darasa limeshuka kwenye mikoko. Ukiwaambia watoto kwamba mchu, mmoja wa miti ya mikoko, hutoa chumvi kupitia majani, wataandika daftarini na kusahau. Mpe mmoja jani alilambe. (Mwalimu awe anaujua mti wenyewe, si kila jani ni la kulambwa.) Atakunja uso: "Mbona lina chumvi?" Hapo somo limeanza.

Mwingine atadai ni maji ya bahari yamelirukia. Usimkosoe, mwulize tutajuaje. Wachague majani ya juu yasiyofikiwa na maji yakijaa, ya mchu na ya mkoko wenyewe (ule wa mizizi iliyosimama kama magongo) ulio jirani yake, wayaoshe kwa maji yasiyo na chumvi na kuyafunga uzi wa alama. Wakirudi baada ya siku mbili bila mvua, wayalambe tena. Upepo wa bahari ni ule ule kwa miti yote miwili. La mchu likiwa na chumvi kuliko la mkoko, maelezo ya marusho hayatoshi. Sasa wako tayari kusikia kwamba mchu una vitezi majanini vinavyosukuma chumvi nje, na kwamba mkoko huizuia sehemu kubwa kwenye mizizi.

Wengi huchanganya udadisi na kupanda miti siku ya mazingira. Kupanda ni jambo jema, lakini mtoto aliyekabidhiwa mche na kuonyeshwa shimo hajauliza chochote. Warudishe miezi mitatu baadaye na kamba ya kupimia, wahesabu miche iliyopona kila hatua kumi kutoka ukingo wa maji. Mlilana, aina nyingine ya mti wa mikoko, huvumilia kukaa mbele kabisa, mchana na usiku maji yakiupiga. Iliyokufa ilikuwa ya aina gani, na ilipandwa wapi?